Hadithi za Dini na Ukali wa Watoto

Mafundisho yaliyotolewa na katekista mbele ya wazazi na wageni, katika siku za Yubile ya parokia



Baba Paroko ametuomba tuseme mbele yenu, kwa jina la makatekista wote wa parokia, juu ya jambo moja linaloelekea watoto wetu. Siku za Yubile ni siku za kumshukuru Mungu na za kuwakumbuka waliotutangulia katika imani. Lakini ni siku vilevile za kuitazama kazi tunayoifanya leo. Na kazi yetu sisi makatekista, kwa sehemu kubwa, ni kusimulia. Tunawasimulia watoto habari za Kaini na Abeli, za Musa na Farao, za Yosue, za Samsoni, za Daudi na Goliati, za watakatifu na wafiadini, na juu ya zote habari za Bwana Yezu. Kwa hiyo swali hili latupasa sisi kuliko watu wengine: je, hadithi za dini zaweza kumwongezea mtoto ukali, ao kumpunguzia?

Tunajua kwamba wengine watashangaa. Watasema: Neno la Mungu ni takatifu, lawezaje kuzaa ubaya? Wengine, hasa kati ya vijana waliosoma vyuo vikubwa, husema kinyume, kwamba dini ndiyo shina la vita vyote, na afadhali watoto wasisikie habari hizo kabisa. Sisi hatupatani na hawa wala na wale. Tunawaomba mtuvumilie kidogo, tulitazame jambo lenyewe polepole.

I. Mahali wanapokaa watoto wetu

Mtoto wa Kolwezi hakuzaliwa katika mji usiojua fujo. Babu na nyanya zake waliona mwezi wa Mei 1978, vita vilipoingia mjini na maiti zikalala njiani. Wazazi wake, wengi wao wakiwa wangali wadogo, waliona miaka ya 1992 na 1993, jirani alipomfukuza jirani kwa sababu ya asili yake, na jamaa nzima za watu wa Kasai zikalala kwenye vituo vya treni, zikingojea safari ya kwenda katika inchi ambayo watoto wao hawakuwa wameiona hata siku moja. Tena Gécamines, iliyokuwa baba na mama wa mji huu, ilidhoofika. Mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10.000 waliiacha kazi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Nyumba nyingi zikakosa mshahara, na watoto wakashuka kuokota na kuosha mawe ya shaba na ya kobalti. Tangu mwaka 2014 huko Kasulo watu walichimba hata chini ya nyumba wanamolala.

Tunasema hayo ili mtu asifikiri kwamba ukali wa mtoto watoka katika kitabu. Mtoto anayepigwa nyumbani hupiga shuleni. Mwenye njaa hukasirika upesi. Anayewaona wakubwa wakigombania gunia la mawe kwa ngumi hujifunza kwamba ngumi ndiyo sheria. Mbegu ya ukali ina mashamba mengi, na katekisimu si shamba lake la kwanza.

Lakini hadithi yaweza kufanya jambo moja ambalo njaa haiwezi. Njaa humfanya mtoto apige. Haimwambii kwamba amefanya vema. Hadithi yaweza kumwambia kwamba ukali wake ni mwema, tena kwamba Mungu mwenyewe anaufurahia. Hapo ndipo penye hatari, na hapo ndipo twataka kusimama leo.

II. Waliyoyachunguza watu wenye elimu

Mwaka 1961, katika chuo kikuu cha Stanford, Marekani, mwalimu Albert Bandura na wenzake waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akiipiga sanamu kubwa ya mpira. Watoto waliomwona akipiga, wakaachwa na sanamu ile ile, walipiga kuliko wale ambao hawakuona kitu. Kila mzazi anajua neno hili bila kwenda Stanford: mtoto huiga.

Lakini kuona kwa macho ni jambo moja, kusikia hadithi ni jambo lingine. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia Georges Tamarin aliwauliza watoto zaidi ya 1.000 wa Israeli, wenye umri wa miaka 8 hadi 14. Aliwapa kusoma habari ya Yosue ginsi alivyouteka mji wa Yeriko, na watu wote wakauawa, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto. Akauliza: Je, Yosue na watu wake walifanya vema, ao hapana? Katika kila watoto 100, watoto 66 walikubali kabisa, 26 walikataa kabisa, na 8 waliosalia walikubali nusu. Kisha akatwaa kundi lingine la watoto, akawapa habari ile ile, lakini mahali pa Yosue aliandika jina la jemadari Lin, na mahali pa Israeli aliandika ufalme mmoja wa Uchina wa zamani. Safari hii watoto 7 tu katika 100 walikubali, na 75 walikataa.

Ndugu zangu, tufikiri vizuri juu ya hesabu hiyo. Damu ilikuwa ile ile, upanga ule ule. Majina tu yalibadilika. Watoto walipoamua juu ya jemadari mgeni, walijua vema kwamba kuua watoto ni uovu. Walipoamua juu ya mtu wao, aliyetumwa na Mungu wao, wengi walisahau.

Mwaka 2007 Brad Bushman na wenzake walichunguza jambo la namna hiyo kati ya wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani na Uholanzi. Waliwapa kusoma habari ya zamani ya mwanamke aliyeuawa na vita vya kumlipizia kisasi. Wengine waliambiwa kwamba habari yatoka katika Biblia, wengine kwamba yatoka katika andiko la kale tu. Tena wengine walisoma sentensi moja iliyoongezwa, kwamba Mungu aliamuru kisasi kile, na wengine hawakuisoma. Baadaye walicheza mchezo ambamo mtu aliweza kumwumiza mwenzake kwa makelele makubwa masikioni. Waliosikia kwamba Mungu aliamuru walikuwa wakali zaidi, na nguvu ya neno hili ilionekana kupita kiasi kwa wale wanaoamini.

Sherti tuwe watu wa haki. Tamarin aliwauliza watoto wanafikiri nini. Hakuwafuata uwanjani aone wanafanya nini. Wanafunzi wa Bushman walikuwa watu wazima, na mchezo ule ulikuwa wa muda mfupi tu. Hakuna hapo uthibitisho kwamba mtoto aliyesikia habari ya Yeriko Jumamosi atampiga jirani yake Jumatatu. Lakini kuna onyo. Hadithi ya dini haitii mkono wa mtoto nguvu. Yaulegeza mlinzi wa moyo wake. Mlinzi huyo ndiye dhamiri.

III. Wana wa Zebedayo

Wakristu hawahitaji kwenda mbali kutafuta jambo hili. Liko katika Injili yenyewe, katika sura ya tisa ya Mtakatifu Luka. Bwana Yezu alikuwa akisafiri kwenda Yerusalemu, na kijiji kimoja cha Wasamaria kilikataa kumpokea. Yakobo na Yoane wakamwuliza kama anataka waamuru moto ushuke kutoka mbinguni uwateketeze watu wale.

Walitoa wapi mawazo hayo? Katika kitabu cha pili cha Wafalme tunasoma kwamba nabii Eliya aliita moto kutoka mbinguni, ukawateketeza askari waliotumwa kumkamata, tena katika inchi ile ile ya Samaria. Yakobo na Yoane walikuwa wameisikia hadithi hii tangu utoto wao, kama watoto wetu wanavyoisikia. Siku walipochukizwa, ilikuwa tayari ndani yao kama kisu mfukoni. Hawakutaka kuua kwa ubaya. Walitaka kuua kwa utakatifu. Ndiyo sababu hawakuona haya kumwuliza Mwalimu.

Na Bwana alifanya nini? Luka anatwambia kwamba aliwageukia, akawakemea, kisha wakaenda kijiji kingine. Hakumlaani Eliya, wala hakuwaambia mitume wakichome kitabu cha Wafalme. Mlimani, katika sura ile ile, walikuwa wamemwona Eliya katika utukufu pamoja naye. Lakini hakuwaruhusu kuichukua hadithi ya zamani kama fimbo ya leo. Tazameni basi: Bwana mwenyewe amekwisha kujibu swali letu. Ndiyo, hadithi takatifu yaweza kumfanya hata mtume awe mkali, asipokuwa na Mwalimu karibu wa kumgeukia. Kazi ya katekista na ya mzazi ni kusimama mahali pale, kati ya hadithi na mkono wa mtoto.

IV. Kanisa na kurasa ngumu

Kanisa halikuficha kurasa hizo, wala halikuzisoma bila busara. Katika karne ya tatu Origene wa Aleksandria aliwafundisha wakristu kuisoma habari ya Yosue kama vita vya roho: maadui wanaotakiwa kuangamizwa ni dhambi zinazokaa ndani yetu. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika Hati juu ya Ufunuo wa Mungu ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba vitabu vya Agano la Kale vina pia mambo yasiyo kamili na ya muda, na vyaonyesha ginsi Mungu alivyowalea watu polepole. Wakati Sala ya Vipindi ilipotengenezwa upya, mwaka 1971, zaburi tatu zenye laana kali, yaani ya 58, ya 83 na ya 109, hazikutiwa katika mzunguko wa sala, ijapokuwa zingali katika Biblia. Na mwaka 2010 Papa Benedikto XVI aliandika juu ya kurasa za giza za Maandiko, akahimiza kwamba wakristu wasaidiwe kuzisoma katika nuru ya fumbo la Kristu.

Kama Kanisa linawalinda mapadri na watawa wakisali, je, sisi tutamsomea mtoto wa miaka 8 habari ya Eliseo na wale dubu wawili waliowararua vijana 42, kisha tumwambie tu kwamba ndivyo wanavyopata watoto wasioheshimu wakubwa? Tumesikia hadithi hii ikitumiwa hivyo mara nyingi, majumbani na penginepo. Mtoto hajifunzi heshima hapo. Anajifunza kwamba mwenye nguvu akichekwa, ana ruhusa ya kurarua. Kesho atakapochekwa yeye na mdogo wake, atamtafuta dubu wake.

V. Hadithi zinazotuliza

Lakini nguvu ya hadithi ina pande mbili. Ikiwa yaweza kulegeza dhamiri, yaweza vilevile kuifunga mikono. Na inchi yetu imepewa utajiri wa namna hii.

Watoto wetu wa Kizito-Anuarite wanabeba majina mawili. Kizito alikuwa kijana wa miaka kama 14, aliyechomwa moto pamoja na wenzake huko Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886. Sista Anuarite Nengapeta aliuawa huko Isiro, tarehe 1 Desemba 1964, kwa sababu alilinda usafi wake, na kabla ya kufa alimsamehe aliyemwua. Papa Yoane Paulo II alipomtangaza Mwenye heri, Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, alimsamehe vilevile mwuaji yule kwa jina la Kanisa. Tuna pia Isidore Bakanja, kijana mtumishi aliyepigwa fimbo vikali kwa sababu ya skapulari yake, akafa kwa vidonda mwezi wa Agosti 1909, akiahidi kumwombea mzungu aliyemwumiza. Alitangazwa Mwenye heri mwaka 1994.

Katika hadithi hizi fujo haifichwi. Mtoto anaiona yote: moto, kisu, fimbo. Lakini anajiweka upande gani? Upande wa anayepigwa, wala si wa anayepiga. Na mwenye kusifiwa ni yule aliyeweza kulipiza kwa chuki moyoni, asilipize. Mtoto wa Kolwezi, ambaye amepigwa mara nyingi, anahitaji mno kujua kwamba mtu aweza kupigwa bila kugeuka mpigaji, tena bila kuwa mwoga.

Tuwe waangalifu hapa pia. Ukiisimulia habari ya Anuarite ili watoto wawachukie waasi wa 1964 na watoto wa watoto wao, umeigeuza kuwa habari nyingine. Msamaha si mkia wa hadithi hiyo. Ni moyo wake. Vilevile tusimfundishe mtoto kwamba kunyamaza chini ya fimbo ni utakatifu. Mtoto anayeumizwa sherti aambiwe aseme, na sisi wakubwa tumtetee. Wafiadini walisamehe, lakini hawakuuita ubaya wema.

VI. Hadithi zinazowatupa watoto njiani

Kuna hadithi za dini za aina nyingine, na Yubile isituzuie kuzitaja. Katika miji yetu, tangu miaka ya 1990, imeenea habari ya mtoto mchawi, anayekula watu usiku na kufunga kazi ya baba yake. Habari hii husimuliwa kwa jina la Yezu, huonyeshwa katika filamu, huhubiriwa kwa kinasa-sauti hadi usiku wa manane. Baba akipoteza kazi, mama wa kambo akikosa uzazi, kidole chaelekezwa kwa mtoto aliye mdogo ao mgonjwa ao yatima. Anafungwa, ananyimwa chakula, anachomwa, anafukuzwa. Kisha tunamwona sokoni na kwenye mashimo, tunasema: Watoto wa siku hizi ni wakali!

Sheria ya inchi, ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kumlinda mtoto, inamwadhibu anayemshitaki mtoto kwamba ni mchawi. Lakini sheria haiingii katika masikio ya ndugu wa mtoto huyo, waliokwisha kusikia hadithi. Nao hujifunza upesi. Wanamtupia mawe ndugu yao, wakifikiri wanamtupia Shetani. Hapa tunaona wazi lile lililoonekana katika hesabu ya Tamarin: upendo wa ndugu ulikuwapo, lakini jina la Mungu lilimruhusu mtu kuusahau.

VII. Mashauri

Basi tufanye nini? Tunatoa mashauri matano, na makatekista tumepatana kuyafuata katika makundi yote ya watoto.

La kwanza, tusikate hadithi katikati. Anayesimulia ginsi Petro alivyouchomoa upanga bustanini, sherti afike hata pale Bwana alipouamuru upanga urudi katika ala, akaliponya sikio la yule mtumishi. Watoto wengi wanaukumbuka upanga, wachache wanalikumbuka sikio lililoponywa. Hiyo ni kazi ya msimulizi.

La pili, kila hadithi ya vita tuisimulie pamoja na swali: Na watoto wa upande mwingine, walikuwa wapi? Mtoto akimfikiri mtoto wa Yeriko, amekwisha kupata kinga. Katika mji huu, ambamo watu wa asili nyingi wanakaa kiwanja kimoja, na wengine wangali wakifika kutoka Kasai kutafuta maisha, swali hilo si la kitabu tu. Mtoto asitoke katika katekisimu akifikiri kwamba Kolwezi ni Kanaani yake, na jirani yake ni Mkanaani.

La tatu, tusimtishe mtoto kwa Mungu. Mzazi aliyeshindwa kumrudi mtoto asimwite Mungu aje na fimbo. Mtoto anayemjua Mungu kama mpigaji atamwiga Mungu huyo.

La nne, hadithi ianze nyumbani. Ni hapa Kolwezi, katika miaka ya 1950, Padri Placide Tempels alipowakusanya baba na mama wakristu, na kutoka kwao ikazaliwa Jamaa. Alitia mkazo juu ya mapendo na umoja wa bwana na bibi. Saa moja ya katekisimu juu ya Mchungaji Mwema haiwezi kushinda siku saba za matusi na makofi nyumbani. Lakini baba anayesimulia kidogo jioni, na kesho yake akamwomba mama msamaha mbele ya watoto, amefundisha kupita sisi sote.

La tano, hadithi ifuatwe na tendo. Masista wa Mchungaji Mwema, waliofika hapa mwaka 2012, hawakuwaambia tu watoto wa machimbo habari ya kondoo mmoja aliyepotea. Waliwafungulia mahali pa kusoma, kula na kucheza. Mtoto aliyetafutwa na mtu anaelewa neno la kutafutwa. Kila shirika la parokia liangalie basi: katika njia zetu, ni mtoto gani aliyefukuzwa, na nani amekwenda kumtafuta?

Nanyi Mapadri wetu waheshimiwa, tunawaomba kwa unyenyekevu jambo moja. Mtupe siku kila mwaka za kujifunza Maandiko pamoja nanyi, hasa zile kurasa ngumu. Katekista asiyeelewa ukurasa ataupita haraka, ao atausimulia kama alivyousikia utotoni. Na watoto huuliza. Husema: Kama Mungu hataki tuue, kwa nini Yosue aliua? Mtoto anayeuliza hivyo si mtoto mbaya. Dhamiri yake ingali macho. Asijibiwe kwa kunyamazishwa.

Ndugu wakristu, waliotuletea Injili katika inchi hii ya Lualaba walikuja na vitu vichache: msalaba, kitabu na mdomo wa kusimulia. Wazee wetu walisikiliza, wakaamini, wakatusimulia sisi. Leo ni zamu yetu. Watoto wanaokaa hapa mbele, ndio watakaoiadhimisha Yubile ijayo, wakati wengi wetu tutakuwa tumekwisha kulala. Watasimulia waliyoyasikia kwetu. Tuwape Bwana yule aliyewageukia wana wa Zebedayo, akawakemea, akawaongoza kwenda kijiji kingine bila kukichoma kile cha kwanza.

Bikira Maria, Mama wa Kanisa, Mwenye heri Anuarite na Mwenye heri Isidore Bakanja watuombee.